Rais wa Uganda si lazima azaliwe Uganda, shida iko kwa jajja yake (babu au bibi yake)

Tangu Zohran Mamdani ashinde umeya wa New York Novemba 2025, huku Uganda kuna stori moja haiishi, iko steji za boda, iko saluni, iko kwenye magrupu ya WhatsApp, ati kijana wetu aliyezaliwa Kampala 1991 ndo huyo ameshika jiji kubwa la Marekani, ngoja muone, kinachofuata ni White House. Wenye kufuatilia habari wanasema hapana, katiba ya Marekani inataka rais awe raia wa kuzaliwa na huyu alipata uraia wao 2018 tu. Alafu kuna mmoja lazima adakie, basi si arudi nyumbani awe rais wetu!

Hiyo "arudi nyumbani" ndo imenifanya niandike. Watu wanabishana kama aliyezaliwa nje aruhusiwe kuwa rais au asiruhusiwe, wanatukanana mpaka usiku wa manane, na pande zote mbili wanabishania kitu ambacho katiba yetu haijakikataza. Katiba ya 1995 haimnyimi mtu urais eti kwa sababu alizaliwa nje ya Uganda. Kuna kitu kingine inachokizuia, na watu wengi hawajawahi kukisoma.

Kifungu cha 102 kinasema mgombea urais awe raia wa Uganda kwa kuzaliwa, na awe na sifa za kuwa mbunge, yaani amejiandikisha kupiga kura na amemaliza sinia siksi (kidato cha sita) au elimu inayolingana nayo. Kulikuwa na umri pia, 35 hadi 75, hiyo ilitolewa Desemba 2017, wote tunakumbuka zile ngumi na viti bungeni mwaka huo. Makamu wa rais naye anapimwa kwa kipimo hichohicho.

Sasa mtu akisikia raia kwa kuzaliwa anafikiria wodi ya hospitali ya Mulago, anafikiria cheti cha kuzaliwa. Kumbe maana yenyewe iko Kifungu cha 10 na ni tofauti kabisa. Raia kwa kuzaliwa, kwanza, ni mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi wake mmoja au jajja yake mmoja ni wa moja ya jamii za asili zilizokuwa zinaishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, na hizo jamii zimeandikwa majina kwenye Jedwali la Tatu la katiba. Pili, ni mtu aliyezaliwa popote, ndani au nje, ambaye siku anazaliwa mzazi wake au jajja yake mmoja alikuwa tayari raia kwa kuzaliwa.

Soma hiyo ya pili tena polepole. Chukua msichana aliyezaliwa London, amekulia London, hajawahi kupanda taksi ya Kawempe, Luganda hajui, Runyankole hajui, ila bibi yake mzaa mama ni Munyankole wa Mbarara. Huyo ni raia wa Uganda kwa kuzaliwa. Akijiandikisha kupiga kura, akawa na masomo yanayotakiwa, akaacha pasipoti ya Uingereza, anagombea urais na hakuna wa kumgusa. Alafu chukua kijana wa Jinja, Mhindi, amezaliwa Jinja, baba yake amezaliwa Jinja, Lusoga anaongea kuliko watoto wa Wasoga walioko Kampala, ila familia yao uraia waliupata kwa kuandikishwa. Huyo hapana. Na mtoto wake akizaliwa leo Jinja, hapana pia, sababu Kifungu cha 10 kinataka mzazi au jajja awe raia *kwa kuzaliwa*, raia wa kuandikishwa hatoshi. Na mtoto wa huyo mtoto naye hivohivo, ukoo wote unaendelea nje ya mstari mpaka siku mmoja wao atakapooa au kuolewa na mtu wa ukoo ulioko kwenye jedwali.

Kwa hiyo yule Zohran ukimpima na Kifungu cha 10, swali halianzi na Kampala. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani ambaye Makerere wanamjua vizuri, alizaliwa Mumbai akakulia Kampala. Mama yake Mira Nair amezaliwa India. Wahindi hawamo kwenye Jedwali la Tatu. Kuna Kifungu cha 9 kinacholinda watu waliokuwa raia kabla ya katiba hii kuanza, ila hicho kinakuachia uraia wako, hakisemi popote kwamba umekuwa wa kuzaliwa. Yaani Marekani wanamkatalia kwa sababu alizaliwa Kampala, na sisi ambao alizaliwa kwetu tunauliza majajja zake walikuwa wapi 1926.

Na kwa nini 1926? Ni siku Waingereza walipohamisha mkoa wa Rudolf, ile ardhi ya Waturkana, kuutoa Uganda kuupeleka Kenya, na baada ya hapo mipaka ikawa karibu hii tunayoijua. Kabla ya hapo, 1902, walishahamisha mkoa wa mashariki mzima, Kisumu mpaka Naivasha. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa, ilikuwa karani na ramani yake. Leo hiyo tarehe ya karani ndo inaamua nani anaweza kulala State House Entebbe. Kituko kingine ni kwamba mkuu wetu wa kwanza wa nchi huru, kuanzia 9 Oktoba 1962 mpaka 9 Oktoba 1963 Kabaka Mutesa alipokuwa rais, alikuwa Malkia Elizabeth, mzaliwa wa London, Aprili 1926, miezi miwili na ushee baada ya hiyo tarehe yetu takatifu. Lakini hayo tuyaache.

Jedwali lenyewe lilianza na jamii 56, marekebisho ya 2005 yakafanya ziwe 65. Na ukilisoma utaona kwamba hata neno "asili" limepimwa kwa mkono wa huruma kwa wengine na mkono mkavu kwa wengine. Wanubi wamo, na ni haki yao kabisa, ila kila mtu anajua Wanubi walitokana na wanajeshi kutoka Sudan ambao Lugard, yule afisa Mwingereza, aliwaingiza huku miaka ya 1890. Wafanyabiashara Wahindi walikuwa na maduka Kampala miaka michache tu baada ya hapo, na kiwanda cha sukari cha Lugazi kilianza 1924, yaani kabla ya 1926. Wanyarwanda wamo. Wakakwa wamo, na Wakakwa wako pia Sudan Kusini na Kongo. Wasamia wamo, wako Busia ya huku na Busia ya Kenya, Iteso hivohivo, Wapokot hivohivo. Kwa hiyo Msamia ambaye wazazi wake wote ni wa upande wa Kenya, mama yake akijifungulia hospitali ya upande huu, ana hoja nzuri zaidi ya kuitwa raia kwa kuzaliwa kuliko yule kijana wa Jinja wa vizazi vitatu. Mi sisemi Msamia anyimwe, nasema hiki kipimo hakipimi kile watu wanachodhani kinapima.

Ukitaka kucheka zaidi nenda Kifungu cha 11. Mtoto wa chini ya miaka mitano aliyeokotwa Uganda, wazazi wake hawajulikani, anachukuliwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Ni sheria nzuri, ya utu. Lakini angalia inachofanya ikikaa jirani na Kifungu cha 10: mtoto aliyetupwa getini bila karatasi yoyote anaweza kuwa rais, na yule ambaye babu yake anajulikana jina, duka, na tarehe aliyoapishwa kuwa raia, hawezi. Na mtoto wa mkimbizi aliyezaliwa kambi ya Nakivale hata mlango wa kuandikishwa kwa kigezo cha kuzaliwa hapa amefungiwa, Kifungu cha 12 kinataka wazazi na majajja wasiwe walikuwa wakimbizi. Sisi tuna wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, kwa hiyo si suala la watu wawili watatu.

Kuna kitu watu wanachanganya na hili nacho ni uraia pacha. Hiyo ni sheria nyingine, ilikuja na marekebisho ya 2005 na sheria ya 2009, kwamba mwananchi anaweza kushika pasipoti mbili, ila akiwa nazo mbili hawezi kuwa rais, makamu wa rais, waziri mkuu wala waziri. Hii inatibika, unaacha moja unagombea. Ile ya jajja haitibiki, huwezi kumrudisha jajja azaliwe upya Bugisu.

Sasa tuseme ukweli, waliotunga hivi hawakuwa wajinga. Hofu ya mgeni kushika jeshi ni ya zamani. Julai 1787 John Jay alimwandikia George Washington kwamba amiri jeshi mkuu awe raia wa kuzaliwa tu, wakati huo Wamarekani walikuwa nchi changa wanaogopa wakubwa wa Ulaya wasije wakapenyeza mtu wao. Na sisi tulipokaa kuandika katiba yetu, tume ya Jaji Odoki kuanzia 1989 alafu bunge la katiba 1994 na 1995, vidonda vilikuwa bado vibichi. Nchi ilikuwa imetoka kwa Amin aliyewafukuza Wahindi 1972 kwa notisi ya siku 90, wakiwemo waliokuwa raia halali. 1982 Wanyarwanda walifukuzwa Ankole, wengine raia pia. Alafu tarehe 1 Oktoba 1990 Fred Rwigyema, ambaye alikuwa meja jenerali wa jeshi letu na aliwahi kuwa naibu waziri wetu wa ulinzi, alivuka mpaka pale Kagitumba na wenzake waliokuwa wamevaa sare zetu wakaenda kupigania Rwanda. Paul Kagame, aliyeletwa huku mtoto mdogo, akasoma huku, akafanya kazi kwenye usalama wa jeshi letu, leo ni rais wa kule.

Hii ya 1990 ndo hoja nzito kuliko zote na mtu asiipuuze. Mwenye kupinga wageni atakwambia, unaona? Mtu anaweza kukaa na wewe miaka thelathini, akapigana vita yako ya msituni kule Luwero, na siku moja moyo wake ukaonyesha uko kwingine. Mi naielewa. Lakini nikiitazama vizuri naona inageuka. Wale watu hawakuondoka kwa sababu walipewa nafasi sana, waliondoka baada ya kuambiwa tena na tena, na watu mitaani, na wabunge, na wenye ardhi, kwamba hata wakifa vitani kwa ajili ya Uganda bado ni wa kuja. Ukimwambia mtu kila siku kwamba kwao ni kwingine, ipo siku ataamini.

Na jambo lingine ni kwamba kifungu hiki hakijalinda kile kinachoogopwa. Amin alikuwa Mkakwa. Wakakwa wako kwenye jedwali. Hicho kipimo cha ukoo angekipita bila kutoa jasho.

Tukiangalia nje tutaona hizi sheria za ukoo zinafanya kazi gani hasa zikishaingia mikononi mwa wanasiasa. Zambia ndo mfano unaouma zaidi. Kenneth Kaunda alitawala kuanzia 1964 mpaka 1991, alizaliwa hukohuko Zambia, ila wazazi wake walitoka Nyasaland ambayo leo ni Malawi. 1996 akitaka kurudi kugombea, waliokuwa madarakani wakabadilisha katiba kwamba wazazi wote wawili wa rais lazima wawe Wazambia. Baba wa taifa akawa hafai. 1999 mahakama kuu ikafika mpaka kumtangaza kwamba hana uraia wowote, mtu ambaye uraia wenyewe wa Zambia ulianza chini yake! Kipengele hichohicho kilimkuta Guy Scott, mzungu aliyezaliwa Livingstone, alikaimu urais miezi mitatu baada ya Michael Sata kufariki Oktoba 2014, nchi haikuungua, haikuuzwa, ila kugombea hakuweza kwa sababu ya wazazi. 2016 Wazambia wenyewe wakakiondoa hicho kipengele.

Ivory Coast walilipa bei kubwa zaidi. Walimzuia Alassane Ouattara kwa kusema wazazi wake si wa hapo, wakaandika kwenye katiba ya 2000 kwamba baba na mama wote wawe wenyeji, na nyuma ya hiyo mistari michache kulikuwa na watu wa kaskazini nzima waliokuwa wanaambiwa vitambulisho vyao ni feki. 2002 vita ikalipuka na nchi ikakatika vipande viwili. Ouattara mwenyewe alikuja kuwa rais baada ya uchaguzi wa 2010 na umwagaji damu mwingine. Sisemi kifungu kimoja ndo kilileta vita, vita ina mama wengi, ila kile kifungu kilikuwa mmoja wao.

Botswana kwa upande mwingine walikuwa na Ian Khama, amezaliwa Chertsey, Uingereza, 1953, mama mzungu, baba yake Seretse alikuwa amefukuzwa kwao na Waingereza. Alitawala 2008 hadi 2018 na hakuna aliyeshughulika na hospitali alikozaliwa. Hata kwa sheria yetu angepita, maana kwetu mzazi mmoja anatosha. Guyana walimchagua Janet Jagan, mzaliwa wa Chicago, ambaye hakuwa na jajja hata mmoja wa Guyana, 1997, kwa sababu alikuwa amepigania uhuru wao tangu ujana. Na ili nisionekane naleta mifano ya upande mmoja tu, kuna Peru, Alberto Fujimori alitawala miaka kumi, mambo yalipomchachia 2000 akakimbilia Japani na ikaonekana ana uraia wa Kijapani, wakashindwa kumpata kwa miaka. Hiyo inanifanya nikubaliane na sheria ya uraia pacha bila kinyongo. Anayetaka kuwa amiri jeshi abaki na pasipoti moja, asiwe na mlango wa nyuma.

Ila hiyo ni pasipoti, na ukoo ni jambo lingine. Wananchi wa kawaida mbona wameshaonyesha wanaweza kuamua? Makindye 2011 walimchagua Ian Clarke, daktari mzungu kutoka Ireland ya Kaskazini aliyehamia huku na kuchukua uraia, kuwa mwenyekiti wa divisheni, watu wa Katwe na Kibuye walipiga foleni wakampigia. Tororo Manispaa walimpeleka bungeni Sanjay Tanna. Mbunge anatunga sheria, anapitisha bajeti, anaweza hata kupiga kura ya kumwondoa rais, na kwa hayo yote katiba inasema raia yeyote anatosha. Ghafla kwenye urais ndo tunaanza kuchimba makaburi ya majajja.

Wengine wanaogopa hela. Wanasema ukifungua, Mhindi mwenye viwanda atanunua nchi. Jamani, hela kwenye kampeni zetu iliingia zamani na haikuja na Wahindi, tunajua wenyewe bahasha zinatoka wapi na sukari na sabuni vinagawiwa na nani. Na urais haununuliki kirahisi kama kiti cha LC, yaani baraza la mtaa, mgombea anahitaji sahihi za wapiga kura mia kwa kila wilaya kwenye angalau theluthi mbili za wilaya zote, alafu avuke asilimia 50 ya kura. Mtu aliyehamia jana, anayefahamika kwa matajiri wa Kololo tu, hawezi kupita Karamoja na Arua na Kabale akatoka na hizo namba. Kama anaweza basi si mgeni tena.

Mi msimamo wangu, na najua wengine watanirukia, ni kwamba mtoto yeyote aliyezaliwa hapa na mzazi ambaye ni raia, kwa njia yoyote aliyoupata huo uraia, ahesabiwe raia kwa kuzaliwa, tuache kumuuliza habari za 1926. Hilo peke yake lingeondoa sehemu kubwa ya upuuzi huu. Kwa aliyezaliwa nje akaja akaandikishwa mwenyewe, hapo niko tayari kubishana, miaka ishirini ya uraia na kuishi hapa naona inatosha, 2003 seneta mmoja wa Marekani, Orrin Hatch, alipendekeza miaka hiyohiyo ishirini, wakati watu wanamwangalia Arnold Schwarzenegger mzaliwa wa Austria anavyochaguliwa gavana wa California. Haikupita. Na huku haitapita kirahisi pia, ingawa kisheria njia ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 102 hakihitaji kura ya maoni, kinahitaji theluthi mbili ya wabunge wote mara mbili. Umri uliondolewa hivohivo, kura ya kwanza ilikuwa 317 kwa 97. Wakitaka wanaweza, shida ni kwamba wanaofungiwa nje ni wachache na hawana kura za kumtisha mbunge yeyote.

Na kusema kweli urais hata sio sehemu inayouma zaidi, maana ni watu wangapi wanagombea urais? Lile jedwali linagusa mpaka ndagamuntu, yaani kitambulisho cha taifa. Wamaragoli wa Kiryandongo wameomba kwa miaka waingizwe, watu wamezaliwa Bunyoro, wamezika wazazi Bunyoro, na wengine bado wakifika kwenye usajili wanaulizwa kabila, wanalitaja, wanaambiwa halimo. Bila hiyo kadi laini ya simu ni shida, pasipoti ni shida, akaunti ya benki ni shida. Mi ningeanza na hao kwanza, alafu watoto wa walioandikishwa, alafu mwisho kabisa ndo tukae tubishane kama yule daktari wa Makindye angeruhusiwa kujaza fomu ya urais.